Mlango wa Sisimizi

Ajuaye mlango wa sisimizi hamalizi majivu. Mmeisikia leo jikoni, mlipokuwa mkipuliza dawa ya kopo sakafu nzima hadi masufuria yakanuka, mkauliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Methali hii ilianza hivi, katika chumba cha mzazi, kijiji cha Mbore, milimani Upare.

Namkunda alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, binti. Mumewe, Semvua, alikuwa bondeni akikata mkonge, kwa hiyo aliyemtunza ni mama mkwe wake, Mama Semvua, mwanamke hodari wa kazi na mwepesi wa ulimi. Kila asubuhi aliingia na bakuli la uji wa ulezi uliotiwa samli na asali. Kabla mzazi hajaonja, Mama Semvua alimimina upawa mmoja chini ya nguzo iliyosimama nyuma ya kitanda. Ilikuwa desturi ya nyumba ile tangu enzi za wakwe zake: mtoto akizaliwa, nyumba hunywa kwanza ndipo impokee.

Siku ya saba sisimizi wakaingia. Walipanda miguu ya kitanda, wakamfuata mtoto, ambaye kila akiogeshwa alipakwa samli. Namkunda aliwatoa kwenye mikunjo ya shingo na kandokando ya kitovu ambacho kilikuwa hakijakauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakwama.

Mama Semvua hakutafuta maneno. Alisema sisimizi hawaingii mahali pasafi, na kwamba yeye alizaa watoto sita katika chumba hicho hicho bila kumwona sisimizi hata mmoja. Kisha akatoa kauli yake. Jumamosi mtoto angetolewa nje, wanawake waje kumwona. Sisimizi wakiwa bado wapo, mtoto atahamia nyumba ya pili, anakolala yeye Mama Semvua, na Namkunda atakuwa akiitwa kunyonyesha.

Namkunda aliinamisha kichwa, akaitikia. Lakini moyoni alimkumbuka binamu yake, ambaye mtoto wake alichukuliwa hivyo hivyo kwa siku chache tu, na sasa mtoto huyo ana miaka mitano, naye humwita mama yake mzazi dada.

Basi dawa zikaanza. Majivu yakamwagwa kuzunguka kitanda. Maji ya kumwogeshea mtoto yakaruka, majivu yakalowa, sisimizi wakavuka juu yake kama watu wanaovuka daraja. Jirani mmoja akaleta pilipili ya kusaga. Mtoto akapiga chafya mpaka akatapika. Mwingine akaleta mafuta ya taa, chumba kikanuka, mzazi akaumwa kichwa. Maganda ya ndimu yaliwazuia nusu siku. Wakarudi kwenye majivu, meko yakabaki matupu, ikabidi waombe kwa majirani. Kufikia Alhamisi, wanawake wa kitongoji cha pili walikuwa wanapanda kilima na vikapu vya majivu vichwani, wakitaniana kwamba safari hii ukoo wa Semvua unaozesha jiko, na mahari ni majivu.

Alhamisi hiyo hiyo akafika Nakijwa, dada wa baba mkwe, mjane aliyeishi kwa kusuka mikeka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ilikuwa rahisi kusahau kwamba yumo chumbani. Alimpakata mtoto, akamtazama shingo, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akaomba ufagio uwekwe kando.

Alimega kipande cha ugali mweupe, akakifikicha na asali kidogo, akaweka makombo juu ya jani katikati ya sakafu. Akakaa chini, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

Majirani walichungulia mlangoni. Mmoja aliuliza kama shangazi sasa amekuja kuwaalika wageni wengine. Nakijwa alicheka pamoja nao, akabaki pale pale. Namkunda, akiwa kitandani, alimtazama asubuhi nzima. Hakuwahi kumwona mtu akikaa kimya kwa bidii namna ile. Mikono ile iliyozoea kuhesabu ukindu mmoja mmoja haikuwa na haraka na chochote.

Makombo yakaanza kutembea. Katika chumba chenye giza, sisimizi wenyewe hawakuonekana, lakini weupe wa ugali ulionekana ukienda punje moja nyuma ya nyingine, chini ya kitanda, hadi kwenye nguzo. Nakijwa alitambaa nyuma yao kwa magoti, na umri wake ule. Akasogeza mkeka. Chini ya nguzo palikuwa na ufa, na kandoni mwa ufa udongo ulikuwa mweusi, umeganda. Akaugusa kwa kidole, akaonja. Akamtazama Namkunda, naye Namkunda akaelewa, akaogopa. Nani wa kumwambia Mama Semvua?

Wakati huo huo Mama Semvua akaingia na upawa na bakuli la uji wa mchana.

"Wifi," Nakijwa alisema, bado yuko magotini, "kuna jambo sijawahi kuuliza tangu nizaliwe katika ukoo huu."

"Uliza."

"Nyumba ikishakunywa uji wake, nani huosha bakuli?"

Mama Semvua alisimama. Akatazama nguzo, akatazama upawa mkononi mwake. Uji ulikuwa ukitoa mvuke.

"Zamani mbwa alikuwa akilala humu," Mama Semvua alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Alikuwa analamba."

"Na mbwa alikufa mwaka jana."

"Alikufa mwaka jana."

Akaweka bakuli chini, akapiga magoti kando ya wifi yake. Alikwangua udongo ule kwa mkono wake mwenyewe, akapaosha kwa maji ya moto na ndimu. Nakijwa akakanda udongo mpya, akautia majivu, si kikapu wala konzi, ni yale yanayoshikwa kwa vidole vitatu, akaziba ufa. Kuanzia siku hiyo nyumba ilinyweshwa nje, kwenye shina la mgomba.

Jumamosi mtoto alitolewa nje, wanawake wakamwona, akarudishwa kwa mama yake. Wanawake waliuliza ni dawa gani iliyoshinda. Namkunda alitazama chini, maana aibu ile haikuwa yake kuitangaza. Nakijwa naye alikuwa amenyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Mama Semvua ndiye aliyesimama.

"Nimemaliza majivu ya vitongoji viwili," alisema, "na mlango niliufungua mimi mwenyewe, kila asubuhi, kwa upawa. Huyu wifi yangu alitafuta mlango kwanza. Ajuaye mlango wa sisimizi hamalizi majivu."

Wakaichukua, wakaenda nayo makwao.

Nakijwa aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, Namkunda ndiye aliyefagia chumba chake. Palikuwa na mkeka ambao haujafungwa ukingo, kisu cha kuchania ukindu, na nyuma ya meko kibuyu kidogo. Alikifungua akidhani ni chumvi. Yalikuwa majivu, laini, yaliyochekechwa vizuri, na kibuyu kilikuwa kimejaa hadi shingoni.

Ajuaye mlango wa sisimizi hamalizi majivu.