Vipele vya Bwana Ngiri

Paukwa!
Pakawa!
Chungu?
Cha mwenyewe!
Na pua?
Ya mwizi!
Haya. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Hapo kale palikuwa na Ngiri, shingo nene, tumbo halina mlango. Jirani zake ni Kobe, Kima na Bi Nguchiro, mjane, kimwili chenyewe kama kandambili. Desturi ya mtaa ule, chakula kikiiva kinawekwa barazani kipoe, kimefunikwa kawa la ukili, na wenyewe wanakwenda mtoni kuoga. Sasa Ngiri hana mikono, ana uso. Akipita anatia uso chini ya kawa, pu! Kawa chini. Fyo, fyo, fyo! Chungu kitupu. Watoto wa Bi Nguchiro wanalala na njaa, na ukimwambia Ngiri neno, anakukanyaga.

Bi Nguchiro je? Alikwenda kichakani, akachuma upupu kwa jani la mgomba, akalipaka kawa lake kwa ndani. Yeye na wanawe wakawa wanalifunua kwa kijiti.

Kulipokucha, uso wa Ngiri vipele vitupu! Akajisugua kwenye mti: kwaru, kwaru, kwaru! Mbio kwa Bi Nguchiro, kwa kuwa marehemu mama yake alikuwa mkunga. Mwenye muwasho haulizi mkunga anatibu nini.

"Bi Nguchiro, nimelogwa! Nikimjua aliyenifanyia hivi, namkanyaga yeye na wanawe!"

Moyo wa Bi Nguchiro du, du, du. Uso mkavu. "Si uchawi, Bwana Ngiri. Ni kitu unachokula. Unakula nini?"

"Majani tu."

"Basi hutapona."

"Na... maharage ya Kobe."

"Acha maharage ya Kobe."

Akaacha. Kwaru, kwaru, kwaru! Akarudi. "Bado!"

"Unakula nini kingine?"

"Ndizi za Kima."

"Acha ndizi za Kima."

Akaacha. Kwaru, kwaru, kwaru! Akarudi, macho mekundu.

"Bado! Na kilichobaki ni chungu chako wewe!"

"Kumbe ni wewe! Na mimi nimempiga paka wa watu bure."

"Umetia nini chunguni?"

Bi Nguchiro akawaita wanawe. "Hawa wanakula chungu hichohicho, siku ukiwabakizia. Tazama nyuso zao. Si nyororo kama yai?"

Ngiri akawanusa mmoja mmoja. Akanywea. "Sasa nini, mama?"

"Damu yako haipatani na vilivyofunikwa. Piga magoti, kula kilicho wazi. Nyasi. Ukigusa kawa la mtu, vinarudi."

Ngiri akapiga magoti, akala nyasi. Muwasho ukaisha. Akazunguka mtaa mzima akitangaza kuwa mganga ni Bi Nguchiro, wengine wababaishaji, tena akampelekea viazi vya shukrani! Ila pale alipojisugua pakaota vinundu, anavyo mpaka leo. Na magoti anapiga mpaka leo. Ana adabu kuliko nyinyi.

Hadithi imeiva, nimeipakua. Asiyeshiba akalambe mwiko. Funzo lake: kudanganya mgonjwa ni dhambi kubwa. Na ukitokwa na vipele nenda kwa mganga, maana yeye ndiye anayejua vilikotoka.

Haya, sogeeni kwenye taa niwaone nyuso. Kawa langu la jikoni nimelikuta chini.