Daraja Lisilo na Idara

Kwao shwari, kwetu gharika.

Mmeisema sasa hivi mkicheka, eti umeme umekatika kwetu na ng'ambo ya barabara taa zinawaka. Kisha mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka bondeni Nyambala, palepale mnapopita kila siku mkigeuza nyuso. Methali hii ilianza hivi.

Lilipojengwa bwawa kubwa la Nyambala, alikuja mtafiti aitwaye Tusekile. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi miradi mikubwa mno inavyoendeshwa, na kwa nini mingi huishia kuumiza watu. Wakuu wa mradi walimpa kiti mwisho wa meza ya mikutano, karibu na mlango, na jina: Mama Maswali. Kantini alikula peke yake. Akisogea na sahani yake, mazungumzo yalihamia kwenye mpira.

Kila Jumatatu wakuu wa idara walikutana. Mhandisi mkuu, Kihwelo, aliziita idara moja moja, na kila mkuu alijibu, "Kwetu shwari," akagonga meza. Wakishagonga wote, chai ililetwa. Mwenye neno jingine aliwacheleweshea wenzake chai, na hilo hakusamehewa.

Tusekile peke yake ndiye aliyezunguka idara zote, kwa kuwa hakuwa wa idara yoyote. Akaona. Watu wa barabara waliifikisha barabara yao ukingoni mwa mto, wakamaliza. Watu wa uhamisho, wa kuwahamisha wanakijiji, walijenga nyumba mpya upande wa huku wa mto, wakamaliza. Wa ukuta wa bwawa walikuwa tayari kuuziba mto. Ila daraja la kuwavusha watu wa kijiji cha Mdunduko, kilichokuwa ng'ambo ya mto, na ng'ombe wao na nafaka zao, halikuwa la mtu. Na hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo lililomtesa. Jioni alitembea kati ya nyumba zile mpya, milango ikijipigapiga kwa upepo, hana wa kumwambia.

Jumatatu ya mwisho akasimama. "Daraja ni la nani?"

"Dada Tusekile," alisema Kihwelo kwa upole, "wewe mtafiti. Andika."

"Nimeshaandika. Leo nauliza."

"Barabara yetu inaishia ukingoni," akasema mmoja. "Mto si barabara."

"Nyumba zipo, funguo zipo," akasema wa uhamisho. "Kuvuka si kazi yetu."

"Sisi tunafunga Alhamisi," akasema wa ukuta. "Kwetu shwari." Akagonga.

"Mama Maswali, keti basi, chai inatusubiri," akasema mwingine.

Wakacheka, wakagonga meza. Tusekile alibaki amesimama mpaka vikombe vikaondolewa.

Alhamisi wakaufunga mto. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda taratibu kama mgeni mwenye haya, yakaingia mazizini, yakaingia maghalani, yakafunika makaburi. Watu wa Mdunduko walikimbilia kilimani na walichoweza kubeba kichwani, na kilima kikawa kisiwa. Huko baridi ikamchukua mume wa Bi Sikitu, mzee aliyekuwa hawezi kutembea.

Mashua ilipopatikana, Tusekile ndiye aliyempokea Bi Sikitu ukingoni. Hakuja mwingine.

"Mwanangu," alisema bibi, "huko mlikokuwa mkikutana, walisemaje?"

"Kila mmoja alisema, kwetu shwari."

Bi Sikitu aliyatazama maji yaliyotulia, hayana hata wimbi.

"Hawakusema uongo," akasema. "Kwao shwari. Kwetu gharika."

Tusekile aliondolewa kwenye mradi. Utafiti wake uko rafuni mahali fulani, haujafunuliwa. Kilichobaki ni maneno ya mjane, nanyi mmeyageuza utani wa umeme.

Sasa reli mpya inakuja bondeni kwetu. Jumatatu wanakutana pale jengo la mradi, na meza itagongwa. Msiniambie haiwahusu. Nendeni wote, msimame mlangoni, muulize daraja ni la nani, na chai isinyweke mpaka mtu ataje jina lake. Kwao shwari, kwetu gharika. Haya, inukeni.