Bakuli la Uji Mlangoni kwa Lubaba

Tumeipokea habari hii kwa wazee wetu wa elimu, nao waliipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika mji mmoja wa misafara, huko bara ng'ambo ya jangwa, alikuwako mshona matandiko ya punda aitwaye Nufaili. Hakuwa mtu mbaya. Sala zake tano alizisali kwa wakati, na punda wa watu hawakutoka vidonda kwa matandiko yake. Ila alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, na mwanawe akikohoa mara mbili yeye hali chakula siku hiyo. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba ni mtu kama mimi na nyinyi, msije mkadhani nawasimulia habari za malaika.

Mwaka huo ndui iliingia mjini pamoja na msafara wa chumvi. Ilianza katika nyumba za wageni, ikapanda mtaa kwa mtaa, hata ikafika kwa Bi Lubaba. Huyu Lubaba alikuwa mjane, na kazi yake ukunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule aliwapokea yeye kwa mikono yake, wakiwemo wawili wa Nufaili. Aliishi na mama yake, Bi Hudhaima, kikongwe asiyeinuka mpaka ashikwe mkono. Siku watu walipoona kitambaa chekundu kimefungwa kwenye komeo la mlango wao, ambayo ndiyo iliyokuwa desturi ya mji kujulisha kwamba humu mna ndui, walianza kupita upande wa pili wa njia, tena kwa haraka.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala imamu wao, Maalim Kutaiba, aliwageukia watu akasema, "Ndugu zangu, mle ndani mna wanawake wawili wagonjwa, na hawana wa kuwapelekea hata uji. Hii ni fardhi kifaya. Akiisimamia mmoja wetu, sote tumeondokewa na dhambi. Tukiiacha sote, sote tutaulizwa. Nani atawahudumia?"

Kila mtu alitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Nufaili alikuwa safu ya pili, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa. Alijizuia, akajizuia, mwisho ukamshinda, akasimama ili aunyooshe.

"Mashallah," akasema Maalim Kutaiba. "Nufaili amesimama. Mwenyezi Mungu amlipe kheri."

Watu wakaitikia amina, na ilikuwa amina ya watu waliotuliwa mzigo. Mzee mmoja aliyekuwa karibu naye akamshika mkono akaubusu. Fikirieni hali yake. Aseme nini? Aseme jamani, mimi ni mguu tu? Haya ilimfunga mdomo. Akatoka msikitini huku watu wakimpisha njia.

Mkewe Rumaisa alipopata habari aliwasha moto. Alipika uji wa ngano kwa maziwa, akautia tende, akaumimina katika bakuli lao kubwa la udongo. Baada ya Alasiri Nufaili akajifunika pua kwa kilemba chake, akaubeba. Njiani alisoma kila dua aliyoijua, na zilipokwisha akazirudia. Alipofika kwa Lubaba aliliweka bakuli kizingitini, akagonga mara mbili, akatimua mbio. Hakungoja sauti. Asubuhi alirudi kulichukua kwa ncha za vidole, akalikuta jeupe, halina hata punje.

"Wamekula wote," akamwambia mkewe, na moyo wake ukapoa.

Basi ikawa hivyo kila siku. Msikitini watu walimwuliza, "Wagonjwa wanaendeleaje?" naye akajibu, "Alhamdulillahi, wanakula vizuri." Wakamwombea dua. Siku ya nne alijikuta amekaa safu ya mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa, na nisiwafiche, palimkaa vizuri.

Lakini lilikuwako jambo moja ambalo hakumwambia mtu, hata Rumaisa. Siku ya tatu, alipokwisha kugonga, kabla hajageuka, alisikia kitu kikigonga kutoka ndani. Kiligonga chini kabisa, karibu na ardhi, mara mbili, kwa udhaifu. Miguu ikakataa kwenda mbele. Kisha ikakubali kurudi nyuma, akakimbia kuliko siku zote. Alipofika nyumbani alijiambia ni panya. Usiku alijiambia tena ni panya, na kesho yake vilevile.

Siku ya sita alikimbia kama kawaida yake, na kubadhi la mguu wa kushoto likamtoka. Hakusimama mpaka alipofika kwenye kona ya njia. Akafikiri. Makubadhi yale yalikuwa mapya, ngozi ya ngamia, ameyashona mwenyewe. Akarudi kwa kunyata, ukutani ukutani, na alipochungulia aliona mbwa wawili wameingiza vichwa vyao katika bakuli, wanalamba, mikia inacheza. Mmoja aliinua kichwa, akamtazama kwa furaha, namna mbwa anavyomtazama mtu anayemlisha kila siku.

Sasa tazameni nafsi ya binadamu ilivyo. Jambo la kwanza alilolikumbuka Nufaili ni bakuli. Mate ya mbwa ni najisi, na bakuli lile alikuwa akilirudisha nyumbani kila asubuhi, likisuuzwa mara moja kwa maji, naye na mkewe na watoto wakila chakula chao humo. Siku tano nzima. Alisimama pale anahesabu sala zake, anajiuliza zipi zimekubaliwa. Ndipo fikra ya pili ikamjia. Ikiwa mbwa ndio waliokula, wale wa ndani wamekula nini?

Na yule panya alikuwa nani?

Alingoja mpaka mbwa walipoondoka, akalichukua bakuli, akalisahau kubadhi, akaenda zake nyumbani na kiatu kimoja. Njia nzima nafsi ilimshawishi. Nani ameona? Kesho utaliweka juu, penye tundu la ukuta, mbwa hawatafika. Watu wanakusifu, usijivunjie heshima bure. Na ukisema, utaambiwa uingie, na ndui haichagui. Alikuwa akiogopa, na hakujua ni hofu ipi kati ya hizo.

"Wamekula?" Rumaisa akamwuliza.

"Wamekula," akasema.

Kisha akashika mtungi, akachuchumaa uani, akaanza kuliosha bakuli. Aliosha mara ya kwanza kwa maji na udongo, akasugua. Akaosha mara ya pili, ya tatu, ya nne. Ulimi wake ulikuwa umeweza kusema uongo, lakini mikono yake haikuweza kuwalisha watoto katika najisi anayoijua. Rumaisa alisimama mlangoni akimtazama, hata alipomaliza.

"Bwana," akasema polepole, "umeosha mara saba, tena kwa udongo. Ni mbwa gani aliyekula chakula cha Lubaba?"

Nufaili akaliweka bakuli chini, akalia. Mkewe hakumbembeleza. Alimwambia, "Magharibi inakaribia. Nenda ukawaambie watu. Mimi nateka maji."

Basi baada ya Magharibi, Maalim Kutaiba alipotoa salamu na watu kabla hawajaondoka, Nufaili akasimama. Safari hii mguu ulikuwa mzima.

"Maalim," akasema, "Ijumaa ile sikusimama ili nijitolee. Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Nikaona haya kukaa. Uji mnaoniombea dua nimekuwa nikiuweka kizingitini na kukimbia, na leo nimeona kwamba wanaokula ni mbwa. Sijawahi kuingia mle. Sijui kama wako hai. Naogopa kuingia peke yangu, nawaombeni kwa ajili ya Mungu, mmoja wenu afuatane nami."

Kisha akainuka Thaalaba, mwuza makaa, mtu asiyezungumza sana, na uso wake wote ulikuwa na mashimo ya ndui ya zamani.

"Mimi ilinipitia utotoni," akasema. "Mtu ikimpitia hairudi kwake, kila mtu anajua. Ijumaa nilikuwa nakusanya nguo nisimame, nikakuona umesimama wewe. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, nyumba imepata mtu. Nikarudi kwenye makaa yangu."

Nufaili alitamani ardhi immeze. Naye Maalim Kutaiba aliinuka kwenye msala wake, akakunja kanzu, akasema, "Mimi ndiye niliyeuliza nani, hali nimekaa. Twendeni."

Wakaenda watatu, Rumaisa akawakuta njiani na mtungi wa maji. Walipiga hodi, wakangoja. Hapakuwa na jibu. Thaalaba alipousukuma mlango haukufunguka wote, kwa kuwa palikuwa na mtu amelala nyuma yake. Akapenya, akainama, akasema, "Anapumua." Alikuwa Lubaba, uso umevimba, midomo imepasuka kwa kiu. Ndani zaidi, kitandani, Bi Hudhaima alikuwa amefunikwa shuka mpaka kichwani, na hawakuhitaji kuuliza.

Nufaili alikuwa bado nje ya kizingiti, ameshika bakuli la maji. Lubaba akafungua macho kidogo.

"Ni wewe," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nazijua hatua zako. Huja polepole, huondoka mbio."

Akalamba midomo yake, akaendelea.

"Siku moja nilitambaa mpaka hapa, nikagonga. Mama alikuwa hai. Siku ya pili yake akafa. Nimekuwa nikijituliza kwamba hukusikia."

Jamani, hapo ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Ya msikitini yalikuwa madogo. Mlango wa kutokea umeshafunguliwa na mgonjwa mwenyewe. Hakuhitaji kusema uongo, alihitaji kunyamaza tu. Hakuna mwingine aliyejua kati ya mbingu na ardhi, ila Yule ambaye hafichwi kitu. Na Nufaili, aliyeogopa mbwa na radi, aliona kwamba sasa yupo wa kuogopwa zaidi.

"Bi Lubaba," akasema, "nilisikia. Nikakimbia."

Lubaba akafumba macho. Wakadhani ameaga dunia. Kisha akasema, "Nipe maji."

Nufaili akavuka kizingiti. Akapiga magoti ndani ya nyumba ile aliyoiogopa siku sita, akalishika bakuli mdomoni mwa Lubaba, na hakuliachilia mpaka alipomaliza tone la mwisho.

Bi Hudhaima alizikwa asubuhi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kama uji ule ungemwokoa au siku yake ilikuwa imeshafika, Mungu ndiye ajuaye, wala Nufaili hakuthubutu kulisema upande wowote. Thaalaba alikaa ndani na mgonjwa siku arubaini, Nufaili akileta maji na chakula na kuvitia mkononi mwa Thaalaba. Ndui haikumpata Nufaili. Lubaba alipopona na kukifungua kile kitambaa chekundu, Nufaili alimjia kuomba radhi.

Lubaba alimsikiliza, akasema, "Haki yangu nimekusamehe, duniani na akhera. Ya mama siwezi kukusamehea, kwa kuwa si yangu. Hiyo mtaonana wenyewe."

Nufaili akatoka. Tangu siku hiyo, nyumba yoyote ya mji ule iliyofungwa kitambaa chekundu, Lubaba aliingia kuuguza, na nyuma yake alikuwako mshona matandiko amebeba mtungi. Ikawa miaka thelathini. Uzeeni watu walimwambia, "Nufaili, wewe uliyekuwa mwoga, siku hizi huogopi kitu."

Akasema, "Naogopa sana. Kuna bibi kizee ananingoja, nami nitaulizwa mbele yake."

Ndugu zangu, na sisi tunazo nyumba tulizoambiwa kwamba zimeshapelekewa. Fulani yuko, fulani anawaangalia, tukashukuru tukarudi majumbani mwetu. Twende tukabishe hodi wenyewe, na tungoje mpaka sauti ya ndani ituitikie. Mwenyezi Mungu atusamehe milango tuliyoigonga tukakimbia.