Goti la Mke wa Mvuvi

Wapendwa, naomba leo tutoke kidogo humu kanisani, tushuke mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofikia. Anayeogopa kunuka shombo anivumilie. Kwenye mwalo mmoja wa ziwa letu, pale penye mwamba mrefu ulioingia majini, aliishi mvuvi wa mshipi, mtu wa makamo, hodari, na mwenye domo. Siwatajii jina lake. Nikilitaja mtakwenda kumtafuta huko mwaloni, na mimi ninataka mumtafute mahali pengine.

Mvuvi huyu hakuwa na nyavu. Alikuwa na mtumbwi, mishipi, ndoano na kopo la chambo, na kwa hivyo vichache aliwashinda wenye nyavu. Siku aliyotoka yeye, alirudi na beseni limejaa sato. Siku ambayo hakutoka, waliotoka walirudi wamechoka na mikono mitupu. Wenzake wakawa wanajiuliza, huyu bwana anaijuaje siku? Wakimuuliza, anagusa pua yake kwa kidole.

"Ninanusa," anasema. "Ziwa lina harufu yake siku samaki wanapokula. Pua hii, jamani, nimepewa na Mungu."

Halafu anawasimulia, kwa mara ya mia, siku beseni lake lilipomwagika pale mwambani, sato kumi na mmoja wakaanza kurukaruka kurudi majini, naye akawadaka wote asipoteze hata mmoja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu huyo alijua kusimulia, hilo tumpe.

Sasa njooni nyumbani kwake, mwone hiyo pua inavyofanya kazi.

Mkewe alikuwa na goti bovu, la kushoto. Liliumia zamani, likaunga vibaya, likabaki hivyo. Siku nyingi lilikaa kimya. Lakini zipo asubuhi ambazo jua linawaka, mbingu ni nyeupe, hata jani halitikisiki, na mama yule akijaribu kuinuka kitandani inabidi ashike ukuta. "Aa!" anasema. "Goti linaniuma." Na mumewe, aliyeketi mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi, anajibu bila kugeuza shingo, "Chambo kiko wapi?"

Basi, ni hayo tu. Goti linaniuma. Chambo kiko wapi? Miaka kumi na minane.

Wanaosoma hali ya hewa wanatuambia kwamba hewa ina uzito, inatugandamiza sote ingawa hatuioni. Mvua kubwa ikiwa njiani, mgandamizo ule hupungua. Samaki wanahisi huko walipo, wanapanda, wanakula kwa pupa kama watu waliosikia kwamba duka linafungwa. Mvua ikishapita, hewa inarudi kuwa nzito, nao wanajituliza kwenye kina. Hapo unaweza kumning'inizia mmoja chambo mbele ya mdomo na asikiguse. Na kiungo kilichowahi kuumia nacho kinahisi. Wenye magoti humu ndani hamhitaji kuambiwa na mtaalamu, ninawaona mnavyotikisa vichwa. Goti la mama huyu lilipata habari ya mvua kabla ya wingu la kwanza. Mvuvi akisikia goti, anachukua chambo, anapiga kasia, anavua, anarudi matone ya kwanza yakianza kudondoka. Akifika mwaloni anagusa pua.

Alikuwa anadanganya? Mwanzoni ndiyo, kidogo, kwa sababu mwanaume gani atasimama mbele ya wenzake aseme kwamba anavua kwa goti la mkewe? Lakini uongo ukiusema miaka mingi, wa mwisho kuuamini ni wewe mwenyewe, na ukishauamini hautoki. Akaamini kweli kwamba ana pua.

Ikaja siku ana wageni barazani, anawasimulia zile habari zake za sato kumi na mmoja. Amefika pale patamu. Mama akatokea na sinia la chakula, akayumba, akashika mwimo wa mlango. "Goti linaniuma," akasema, taratibu tu. Wageni wakageuka kumtazama yeye, na hadithi ikakatika.

Mvuvi akapandwa na hasira. "Kila siku goti, goti! Nimechoka kusikia goti. Kama hapa kwangu kunakuuma, nenda kwa binti yako ukaumwe huko!"

Mama akaliweka sinia mbele ya wageni, akawakaribisha kunawa mikono, akarudi ndani. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye kanga, akapanda basi kwenda kwa binti yao, huko juu milimani. Hakugombana. Ingekuwa afadhali angegombana.

Wiki ya kwanza mvuvi alifurahia utulivu. Wiki ya pili alinusa, akatoka, akarudi na beseni kavu. Akanusa tena. Watu wawili wakamfuata na mitumbwi yao, kama ilivyo kawaida ya watu kumfuata mwenye bahati, nao wakarudi hivyo hivyo. "Vipi, mzee," wakamwambia, "pua imeshikwa na mafua?" Akacheka nao, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu.

Akaanza kusikiliza redio. Mtangazaji akasema kutakuwa na mvua katika baadhi ya maeneo, na ninyi mnajua kwamba maeneo hayo siku zote si ya kwako. Akatazama mawingu, lakini wingu likishaonekana samaki wamekula wameshiba. Akawatazama mbayuwayu wakiruka chini chini, akaenda, akapata kambale mmoja mwembamba ambaye hata paka wa jirani alimtazama mara mbili kabla ya kumgusa.

Asubuhi moja alikuwa ameketi mlangoni. Chai alijipikia mwenyewe, nyepesi, haina tangawizi. Ziwa limelala. Akaja kugundua kwamba chai imepoa hajainywa, na shingo yake imepinda kuelekea chumbani. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa anangoja kitanda kilie, mkono upapase ukuta, na ile sauti iseme "Aa!" Chumba kikanyamaza. Akangoja tena. Hapo ndipo mtu yule alipojua, mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba hajawahi kunusa kitu maishani mwake.

Akalitamani lile lalamiko. Nisiwafiche, kwanza alilitamani kwa sababu ya samaki. Lakini hamu ina tabia yake, ndugu zangu. Inabisha hodi kwa sababu moja, na ikishapewa kiti inaziita nyingine. Akaanza kukumbuka namna mkewe alivyokaa jikoni, ubavu ubavu, mguu wa kushoto ameunyosha mbele. Jikoni ni padogo. Kwa miaka yote hiyo akipita ilibidi auruke ule mguu, na mara nyingi alinung'unika. Sasa akipita jikoni akajikuta anainua unyayo juu, anauruka mguu ambao haupo. Siku aliyojikamata akifanya hivyo, alisimama katikati ya jiko akalia. Mwanaume mzima, sufuria mkononi.

Umewahi kumtamani mtu mpaka ukatamani hata kile kilichokuwa kinakuudhi kwake? Wajane na wagane waliomo humu wananielewa. Wengine mtanielewa siku moja, na ninamwomba Mungu siku hiyo ichelewe.

Akakusanya visato vichache alivyokuwa amevihangaikia wiki zile, akavikausha, akavifunga, akapanda basi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alifika mchana, akamkuta mkewe nje ya nyumba amekaa juani, mguu umewekwa juu ya kigoda, na binti yao amechuchumaa anamkanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Shikamoo, baba," akasema binti.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu, baba watoto," akasema mama, na sauti yake ilikuwa nzuri, haina kinyongo. Hilo likampa mvuvi moyo. Akakaa, akatoa kile kifurushi.

"Mama watoto, nyumba imepooza. Nimekuja kukuchukua."

Mama akakifungua kifurushi, akavitazama visato vilivyokuwemo, vidogo, vichache. Aliishi na samaki maisha yake yote, hahitaji kuelezwa. "Hawali?" akauliza.

"Hawali kabisa," akajibu mvuvi, akicheka kwa aibu. "Tangu uondoke."

"Basi niambie ukweli. Unanitamani mimi, au unalitamani goti?"

Jamani. Ninyi mngejibu nini? Mtu yule mwenye domo, mfalme wa baraza, akaanza kuvipanga upya visato kwenye kifurushi.

Mama akaendelea, taratibu kama ilivyo kawaida yake. "Huku nako linauma. Usidhani nimepona. Mvua ikikaribia linauma vilevile. Ila huku nikisema linauma ninaambiwa pole. Kwako nilikuwa ninaambiwa, chambo kiko wapi." Akaurekebisha mguu juu ya kigoda. "Nikuulize na jambo jingine. Siku ile nilipoteleza pale mwambani na beseni lako kichwani, uliokota nini kwanza?"

Mvuvi akakumbuka. Wapendwa, alikuwa anaikumbuka siku ile kila juma! Alikuwa anaisimulia! Sato kumi na mmoja, wote akawadaka, asipoteze hata mmoja. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwa miaka kumi na minane katika hadithi ile hakuwahi kumtaja aliyekuwa amelibeba beseni. Alimwacha pale juu ya mwamba, mguu umepinda chini yake, akawafuata samaki. Sasa ndiyo akaiona ile siku upande wa pili, akamsikia mkewe akimwita mara ya kwanza, na mara ya pili, na yeye akijibu huku ameinama, "Ngoja kidogo, mmoja anatoroka!"

Akalitazama goti. Hakuwa amelitazama mchana kweupe kwa miaka. Akaliona lile kovu refu, na mfupa uliokaa upande. Mvuke wa kitambaa ulikuwa unapanda.

Na wakati ule ule, jua likiwa bado kali, mama akakunja uso, akashika paja. "Aa!" akasema. "Goti linaniuma."

Mvuvi alilisikia lile alilolingoja wiki saba. Mwili mzima ulitaka kusimama. Ulimi ulikuwa umeshaanza kulitengeneza neno lake la siku zote, maana mazoea yana taabu. Kule chini ziwani, alijua, mgandamizo umeshuka, sato wanapanda.

Akateremka kwenye kiti chake akapiga magoti. Akakichukua kitambaa mkononi mwa binti yake, akakichovya, akakikamua, maji ya moto yakamchoma vidole. Akakiweka juu ya goti la mkewe.

"Pole," akasema.

Neno dogo kuliko yote tuliyo nayo. Mama akageuza uso ukutani. Machozi yaliyokuwa yamengoja miaka kumi na minane hayakupenda kutazamwa na mtu.

Ninaona mnataka kujua kama alirudi naye. Mimi nitawaambia hili tu. Mchana ule mvua ilikusanyika kutoka milimani mpaka ziwani, na samaki walikula kuliko mwaka mzima. Walikula mpaka wakarukia ndoano tupu. Na mvuvi yule hakuwapo. Alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa watu, anakanda goti, na hakuitazama mbingu hata mara moja.

Sasa turudi humu ndani, maana sikuja kuhubiri samaki.

Sisi tunajisifia pua. Tunasema nimejenga, nimesomesha, Mungu amenibariki, nina mkono wa bahati. Nani alilibeba beseni? Ni nani nyumbani kwako ambaye kuumia kwake kumekuwa chakula chako, na ukimsikia akilalamika unachojua ni kuuliza chai iko wapi? Mama mzazi unayempigia simu akuombee, hujawahi kumaliza simu hiyo umemuuliza, mama, umelala vipi? Dada anayepiga deki kanisa hili kila Jumamosi, akiinama na kuinuka, ili mimi nisimame hapa kwenye sakafu inayong'aa, mimi mchungaji wenu, nilijua mgongo wake unamsumbua. Nilijua. Nilimwambia, "Utatuwekea na maua?"

Na kwa Mungu ni hivyo hivyo. Mambo yakikauka tunapanda basi na kifurushi chetu kidogo, tunamwambia, Bwana, nyumba imepooza, rudi. Naye anatuuliza lile swali la yule mama. Unanitamani mimi, au unaitamani mvua yangu? Tusiharakishe kujibu. Yule mvuvi hakuwa na jibu, ila alikuwa na mikono, na kitambaa kilikuwa karibu.

Hamu unayoisikia leo kwa mtu uliyemfukuza kwa maneno, usiione ni aibu. Ifuate. Itakufikisha mlangoni kwake. Lakini ukifika, usianze na samaki.

Tuombe. Kwa kawaida huwa ninasema sote tusimame. Leo, mama zetu na baba zetu wenye magoti, ninyi kaeni. Tutasimama sisi.