Mshale Mwepesi, Mshale Mzito na Umazi Juu ya Mti

Sogeeni karibu. Mwenye kokwa mdomoni aiteme, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwisho wa hadithi hii nitawapa kazi, na mtu anayekoroma hawezi kuamua kesi.

Katika kijiji cha Mikambini, huko nyikani kwenye miiba mingi na maji machache, waliishi wawindaji wawili waliobishana miaka tisa juu ya jambo moja. Walibishana wakila, walibishana wakichimba kaburi, na siku mmoja wao alipooa walibishana mbele ya bibi harusi.

Wa kwanza ni Tsuma, mwembamba, mwenye maneno mengi, mtu asiyeweza kukaa kitako mpaka chai ipoe. Mishale yake ilikuwa na ufito mwembamba, ncha ndogo ya chuma, na manyoya mafupi ya ndege kanga. Ikitoka kwenye uta huioni, unasikia tu imefika. Tsuma alikuwa akisema, "Mnyama akisikia upote wa uta unalia, anaruka. Wangu unamkuta bado anafikiria kuruka. Wako, Gohu, unafika ameshakunywa maji na kwenda zake."

Wa pili ndiye huyo Gohu. Mnene wa mabega, mzito wa kujibu, ukimsalimia unaweza kwenda kisimani na kurudi ndipo aitikie. Mishale yake ilikuwa ya mti mgumu, minene kama kidole gumba, yenye ncha pana na manyoya marefu ya tumbusi, yule ndege mla mizoga. Ikipita hatua ishirini huanza kutazama chini. Lakini palipo karibu, hakuna ngozi wala mfupa ulioizuia. Gohu alikuwa akisema, "Wako unabisha hodi, Tsuma. Wangu unaingia ndani."

Sumu hawakupaka. Waliiacha tangu mtoto mmoja alipochezea podo la mishale la babake, basi kila kitu kilitegemea mshale wenyewe na mkono wa mwenye uta.

Na mishale yote hiyo, myepesi na mizito, ilipita mikononi mwa mwanamke mmoja. Nyevu alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kupachika manyoya: kuyapasua, kuyapaka gundi, kuyafunga kwa uzi wa mshipa wa mnyama. Hakuwa na upande kwenye ule ubishi. Tsuma alipomwuliza, "Shemeji, sema kweli, upi bora?" alijibu, "Bora ni ule usionirudia umevunjika." Alikuwa na mtoto mmoja, Umazi, wa miaka kumi. Wawili wengine alishawazika, na huyu alimpenda kwa hofu, kama mtu anayebeba mtungi wa mwisho wa maji.

Asubuhi moja Gohu alileta fito sita, anataka kusafiri nazo. Manyoya ya tumbusi yalikuwa yamekwisha. Tumbusi huoga kwenye bwawa la tope chini ya kijiji, na hapo huacha manyoya yao, na siku zote Nyevu huenda kuyaokota mwenyewe. Lakini siku hiyo gundi ilikuwa motoni, na gundi ikiungua ni kazi ya siku mbili imepotea. Akamtuma Umazi.

"Okota ya bawa la kushoto tu," alimwambia. "Ukichanganya kushoto na kulia, mshale unayumba. Angalia vizuri."

Umazi aliangalia vizuri. Hapo ndipo palipoharibika. Mtoto mwingine angejaza kiganja manyoya yoyote akarudi nyumbani. Huyu alichuchumaa topeni akayageuza moja moja, la kushoto huku, la kulia kule, mpaka nyati dume, mzee aliyefukuzwa na kundi lake, alipoinuka kwenye matete nyuma yake.

Pale bwawani palikuwa na mti mmoja tu, mwembamba kama paja la mtu. Umazi aliupanda. Nyati akaanza kuupiga kwa kichwa.

Nyevu alisikia kilio, akaacha gundi iungue. Alipofika ukingoni mwa kichaka aliwakuta Tsuma na Gohu wameshafika na pinde zao, na watu wengine wakija nyuma. Kati ya kichaka na mti palikuwa na tope tupu, hatua sitini, bila hata jani la kujifichia. Kila nyati alipopiga, mizizi ya upande mmoja ilinyanyuka ikaonekana myeupe. Umazi alikuwa ameukumbatia mti kwa mikono na miguu. Hakuwa akilia tena.

Gohu hakuweza kitu. Hatua sitini kwa mshale wake ni sawa na safari ya Maka. Tsuma ndiye aliyepiga hatua mbele, akavuta, akaachia. Nyati alisikia upote, akaanza kugeuka, lakini mshale ulishafika. Uliingia vidole vinne nyuma ya bega, ukakutana na ubavu, ukakoma hapo. Haukumwua. Ulimfanya tu auache mti. Na kila aliyekuwepo anaapa kwamba pigo moja zaidi lingeung'oa.

Sasa nyati alikuja kwao. Tsuma alipiga mshale wa pili, ukateleza kwenye pembe kama uliotupwa na mtoto. Gohu alisimama, akavuta uta mpaka sikioni, na hakuachia. Nyati akija kwa kichwa huna pa kumpiga, pembe zake zimekutana kwenye paji zikawa jiwe. Gohu alijua hivyo, na nyati alizidi kukaribia, na upote ukaanza kumkata vidole.

Ndipo Nyevu alipotoka. Alivua leso yake kiunoni, akakimbia kukata mbele ya nyati kutoka kushoto kwenda kulia, akiipunga na kupiga kelele ambazo hata yeye hakuzijua ni maneno gani. Baadaye watu walisema ni ushujaa. Yeye alijua ni woga, woga wa kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nyati aliiona leso, akaigeukia. Alipogeuka, ubavu wake wote ukawa mbele ya Gohu, hatua kumi na mbili.

Gohu akaachia. Ule mshale ulikwenda polepole kiasi kwamba Tsuma anasema aliweza kuusindikiza kwa macho. Ulipita ngozi, ukavunja ubavu, ukazama mpaka manyoya. Nyati alipiga hatua saba, akapiga magoti karibu sana na Nyevu, hivi kwamba povu lake lilimwangukia miguuni.

Nyevu hakumtazama. Alikimbilia mtini, akasimama chini yake, akainua mikono.

"Shuka, mwanangu. Shuka, nimekushika."

"Nyevu," sauti ilisema nyuma yake. "Shusha mikono."

Alikuwa Bi Kache, mwanamke mzee aliyeshika desturi za Mikambini, aliyekuja na fimbo yake polepole kuliko wote. Na Nyevu alipomwona akakumbuka, na mikono ikamshuka yenyewe.

Desturi yao ilikuwa hii. Mtu akitolewa kwenye meno au pembe za mnyama, maisha yake ya kwanza yamekwisha pale pale. Ya pili ni ya nyumba iliyomtoa. Mkono wa nyumba hiyo ndio unaompokea kabla hajakanyaga ardhi. Atalala huko, ataitwa kwa ukoo wa huko, na mamake wa kwanza hatamwita mama tena. Atamwita kwa jina, kama anavyoitwa jirani. Wazee wa zamani waliiweka hivyo kwa sababu watu walikuwa wakitazamana mtoto wa mwenzao akiliwa, kila mmoja akisema si wangu. Tangu desturi iwekwe, hakuna tena aliyekaa akitazama tu.

Wala haikuwezekana kuikataa. Nyumba ikikataa kumpokea, mtoto ni wa mnyama, na hakuna mlango utakaofunguliwa kwake.

"Basi ni wa nani?" Bi Kache aliuliza. "Semeni upesi. Ule mti sioni kama una subira."

Kweli mti ulikuwa umeinama. Vijana wanne waliuweka mabega wakaushikilia, miguu ikizama topeni.

Tsuma alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alisema taratibu. "Mshale wangu ulitangulia. Kama ungechelewa kwa muda wa kupepesa jicho, sasa hivi tungekuwa tunamfukia. Mnyama aliondoka mtini kwa mkono wangu. Kumtoa mtu si ndiko huko?"

Watu wakasema ndiko.

Mmoja wa wale vijana aliguna kwa uzito wa mti, ndipo Gohu akafungua mdomo. "Mshale wa Tsuma ulimkasirisha nyati," alisema. "Nyati aliyekasirika angetumaliza sisi, kisha angerudi mtini kumalizia. Mtoto hajatolewa kwenye pembe mpaka pembe zilale chini. Nani alizilaza?"

Watu wakasema ni yeye.

"Lakini mimi sitaki kumnyang'anya mtu mtoto," aliongeza Gohu, akitazama tope.

"Hata mimi sitaki," Tsuma alisema. "Nani anataka?"

"Hakuna aliyewauliza mnataka nini," alisema Bi Kache.

Nyevu alipiga magoti mbele yake. "Bi Kache, mamangu, mimi je? Mshale wa Tsuma ulikomea kwenye mfupa. Wa Gohu ulikuwa hauna pa kupita. Nani aliyeufungulia mlango? Kama wao ni nyumba mbili zilizomtoa, mimi ni ya tatu. Nihesabuni kama mgeni. Semeni Umazi wa kwanza amekufa, nimekubali, nitamlilia. Huyu wa pili nipeni mimi."

Wanawake walisikika wakiguna kwa kukubali.

"Hukuachia mshale," alisema Bi Kache.

"Yote miwili nimeipachika manyoya mimi."

"Aliyetengeneza jembe si mwenye mavuno. Na ni nani aliyempeleka mtoto bwawani?"

Nyevu aliisikia tena sauti yake ya asubuhi. Gundi ilikuwa motoni. Bawa la kushoto tu, alisema, angalia vizuri.

Kisha Bi Kache akasema jambo ambalo wengi pale hawakulijua, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Mimi nilitolewa kwa mamba, nikiwa mdogo kuliko huyu. Aliyenitoa alikuwa mtu mwema. Mamangu nilimwita Mbodze mpaka siku namzika. Mama mwenyewe aliingia majini siku ile, akamshika mamba mkia. Alisema maneno haya haya yako, akaambiwa hakurusha mkuki." Akaipapasa fimbo. "Kama leo nikisema mama naye huhesabiwa, basi na mimi nilikuwa wa mamangu miaka yote ile, nami sikumwita. Sijui kama nina nguvu ya kulisema hilo. Waamue wengine."

Watu walitazamana. Waliosema Tsuma walirudia kwamba bila mwendo wa mshale mwepesi, uzito wa ule mwingine ungefika kwenye maiti. Waliosema Gohu walirudia kwamba bila uzito wa mshale wake, mwendo wa ule mwingine ungeongeza maiti. Waliosema Nyevu walisema kwamba mwendo na uzito vyote viwili vilikuwa vimesimama tu mpaka mwanamke mwenye leso alipopita. Kila kundi lilipomaliza kusema, lilionekana lina haki, na lilipoanza lingine, haki ilihamia huko.

Tsuma na Gohu walisimama chini ya mti, mmoja huku, mmoja kule, mikono imening'inia. Kila mmoja aliogopa kuinua ya kwake, na aliogopa pia kutoinua. Nyevu alisimama kati yao. Alikuwa karibu na mwanawe kiasi cha kuona damu kwenye nyayo zake, alipochunwa na gome. Angenyoosha mkono angeigusa.

"Mama," Umazi aliita kutoka juu. Sauti ilikuwa imekauka. "Nishuke?"

Nyevu alimtazama Bi Kache. Bi Kache alikuwa ametazama bwawani.

"Mama, mikono imechoka. Kwa nini hamniambii kitu?"

"Ngoja kidogo, mwanangu," Nyevu alisema, na alilitamka lile neno la mwisho polepole, maana hakujua kama atalitamka tena. "Jishike tu. Wanazungumza."

Mti ulilia shinani. Mmoja wa wale vijana aliteleza, akasimama, akasema hawezi tena. Vidole vya Umazi vikaanza kuachia, kimoja kimoja.

Basi mimi hadithi yangu imefika hapo, na siwezi kuisogeza hata hatua, kwa sababu watu wa Mikambini wamekwama na wananitazama mimi, na mimi nawatazama ninyi. Alimtoa aliyewahi? Alimtoa aliyeua? Au alimtoa yule aliyemzaa, akamtuma, akamkimbilia? Jozi tatu za mikono ziko chini ya mti, na mtoto anaanguka. Wewe uliyekaa hapo, sema sasa hivi: nani anyooshe mikono?