Beja na Mkwewe Kwenye Genge la Kiperete

Hapo kale na kale, wajukuu, kabla mawe hayajajifanya mabubu, palikuwa na mlima uitwao Kiperete. Sogeeni. Mwenye makamasi akae nyuma.

Mlima huo ulikuwa wa mawe ya mchanga, tabaka juu ya tabaka kama chapati za sikukuu: jekundu gumu, jeupe laini, jekundu gumu, jeupe laini, hadi mawinguni. Ubavuni pa genge lake, ukuta mtupu wa mwamba, palipita kijia chembamba. Mbuzi mnene hapiti.

Siku moja alikuwa akipanda mtu aitwaye Beja, roho mkononi. Mkewe, Mbeyu, alikuwa amerudi kwao huko juu, na amesema hashuki mpaka mumewe ajue kumstahi mamamkwe. Maana mama huyo aliwahi kujikwaa akakalia chungu cha mboga, na Beja akacheka mbele ya watu.

Na heshima za zamani, wajukuu, zilikuwa kazi. Mkwe hamtazami mamamkwe usoni. Mkwe hampi mgongo. Mkwe hasemi naye. Wakikutana njiani, mkwe anatoka njiani. Mmesikia? Anatoka njiani.

Beja akapinda kona. Nani yule? Mamamkwe, anateremka, mzigo wa miwa mirefu kichwani.

Beja akafumba macho. Atoke njiani aende wapi? Kushoto ukuta, kulia hewa. Arudi? Jiwe alilokanyaga nyuma limeshamomonyoka kama mkate mkavu. Mama naye akigeuka, miwa itagonga ukuta imsukume bondeni.

Wakasimama. Inzi akatua puani kwa Beja, akakaa kama mpangaji.

Mwishowe Beja akaugeukia ukuta. "Ewe mwamba, kama kuna mtu hapa, mwambie nataka kumpisha, ila sina mabawa."

Mama naye akausemesha ukuta. "Ewe mwamba, mwambie huyo asiye na mabawa kwamba kisu anacho. Achimbe tabaka jeupe, ajifiche humo."

Beja akachimba. Chaka chaka, chaka chaka. Mchanga masikioni, mchanga mdomoni. Shimo lilipotosha kichwa, akaona limetosha mtu mzima. Akajitosa: kichwa ndani, mabega ndani, tumbo... tumbo likagoma.

Kisha mama akauliza, polepole:

"Ewe mwamba, huyu amenificha uso ili anipe hiki?"

Beja humo ndani akajua hana mke tena. Makalio mazima, wajukuu, mbele ya mkwe. Akalia, machozi na mchanga vikawa tope.

Mara akasikia mama anacheka. Anacheka, anacheka, mpaka miwa ikaporomoka bondeni. Akapaza sauti kuelekea juu:

"Mbeyu, shuka. Mumeo amenistahi mpaka amekwama."

Mbeyu akashuka. Mama akashika mguu, Mbeyu akamshika mama, wakavuta. Pwaa, akatoka kama jino. Jioni ile Mbeyu akateremka na mumewe, wakichonga ngazi kwa kisu kilekile pale njia ilipomomonyoka.

Basi wajukuu, stahini watu. Lakini kabla hujampisha mtu, angalia unampa upande gani.

Kisa kimefika ukingoni, nami siongezi hatua. Nendeni zenu, na anayenipita hapa asiiname akinipa mgongo.