Mkia wa Mawingu

Kila jioni mnanidai hadithi, na kuni za kuotea moto hamkuleta. Haya, kaeni, na wewe acha kutafuna.

Kombo hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na farasi, Mawingu, naye akafa. Akamzika, lakini kila magharibi alikata majani vilevile, akakaa nayo mlangoni akisikiliza.

Mganga Shaame alikuwa ameukata mkia kwa siri kabla kaburi halijafukiwa, akaufanya usinga wa kupungia pepo. Kombo alipojua akamwendea.

"Nirudishie mkia nikauzike naye. Atafukuzaje nzi huko aliko?"

"Kamfukuzie wewe. Una kazi gani nyingine?"

Akaenda mara ya pili. Shaame akamwambia, "Oa, mzee. Watu wanakucheka."

Mara ya tatu Shaame alimpungia usinga usoni, kama anayefukuza nzi. Usinga ukamgeukia Shaame mwenyewe, ukamzunguka shingo, ukamkaba, kisha ukaanguka. Shaame akafungua kinywa atukane, akalia kama farasi. Sauti ilikuwa ya Mawingu, ileile.

Kombo akauokota mkia, akaenda kuuzika.

Shaame alilipa kwa sauti yake, na haikurudi. Wagonjwa wakamkimbia, maana nani atatibiwa na mganga anayelia hivyo? Sasa kila magharibi huenda mlangoni kwa Kombo kuomba radhi, na neno halitoki, hulia tu. Kombo hutoka mbio na majani yake mkononi. Akishaona ni nani, hurudi ndani, akafunga mlango.